Chama cha Mfukoni Kilipomgeuka Mwenye Mfuko: Kisa cha Meksiko, 1954 hadi 2000

Kwa nini kisa hiki

Kenya huviita vyama vya mfukoni. Tanzania utasikia chama pandikizi, au watu watataja jina la chama tawala na kulibandika herufi B. Maana ni ile ile. Chama kina katiba, bendera, mwenyekiti na muhuri, lakini pumzi yake inatoka kwa chama kingine, kile kikubwa ambacho mchana kinamwita mpinzani na usiku kinamlipia pango. Mazungumzo yetu kuhusu vyama hivi huishia haraka kwenye lawama: nani kanunuliwa na kwa bei gani. Mimi naona swali hilo ni dogo. Lililo kubwa ni chama cha namna hiyo kinamfanya nini aliyekiunda, aliyekiazima, na raia anayekutana na nembo yake kwenye karatasi ya kura.

Nimechukua kisa cha Meksiko kwa sababu kina mwanzo na mwisho. Tunakiona chama kikizaliwa, kikitumika miaka thelathini, kikimgeuka bwana wake, kikirudi kwake, kisha kikifa. Viongozi wa kitaifa nimewataja, maana habari zao ni za wazi. Wenyeviti wa vyama vidogo, wabunge wa kawaida na makada nimewaita kwa nafasi zao tu. Somo haliko katika majina yao.

Usuli

Chama kilichokuja kuitwa PRI, yaani Chama cha Mapinduzi cha Kitaasisi, kilianzishwa mwaka 1929, kikabadilishwa jina mwaka 1938 na tena mwaka 1946. Kilishika urais bila kukatika hadi mwaka 2000. Rais alitawala miaka sita, hakuruhusiwa kugombea tena, lakini ndiye aliyemchagua mrithi wake. Wameksiko waliuita uteuzi huo *dedazo*, yaani kunyooshewa kidole.

PRI haikutaka kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Ilitaka uchaguzi wenye wapinzani, ili ushindi wake uonekane kuwa ushindi. Ila iliwataka wapinzani wasioweza kushinda. Mpinzani wa kweli alikuwepo, PAN, chama cha kihafidhina kilichoundwa mwaka 1939, na huyo alihitaji kuzungukwa na wapinzani wengine wa kusema "ndiyo".

Chombo cha kuwapata kilikuwa usajili. Sheria ya mwaka 1946 ilisema hakuna mtu anayeweza kugombea isipokuwa kupitia chama kilichosajiliwa, na chama kilitakiwa kuwa na wanachama 30,000. Mwaka 1952 jenerali mmoja mwenye jina kubwa, Miguel Henríquez Guzmán, alitoka ndani ya PRI akagombea urais kwa chama chake mwenyewe. Hesabu rasmi ilimpa kama asilimia 16, na viongozi wa PRI hawakusahau. Mwaka 1954 chama cha Henríquez kilifutiwa usajili, na idadi ya wanachama waliotakiwa ikapandishwa hadi 75,000.

Mwaka huo huo, wa mlango kufungwa, kikazaliwa chama kipya, PARM. Waasisi wake walikuwa wazee waliopigana katika Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza mwaka 1910, wakiongozwa na majenerali Jacinto B. Treviño na Juan Barragán. Walikuwa wamechukizwa kuona raia wenye shahada wakizichukua nafasi za wanajeshi. Rais Adolfo Ruiz Cortines akawapa baraka zake, na usajili ukapatikana mwaka 1957. Kwa hiyo majenerali waliokuwa wamekasirika walipata kiti cha kukalia, badala ya kumfuata Henríquez mwingine. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hudhani chama pandikizi huundwa ili kuwagawa wapinzani tu. PARM iliundwa kwanza ili kuwahifadhi wenye manung'uniko waliotoka ndani ya chama tawala.

Kando yake kilikuwepo PPS, kilichoasisiwa mwaka 1948 na Vicente Lombardo Toledano, kiongozi mzito wa wafanyakazi. Hiki hakikuzaliwa kibaraka. Kilifugwa taratibu mpaka kikazoea. Toka mwaka 1958 vyama vyote viwili vikawa vinamteua mgombea urais yule yule wa PRI, uchaguzi baada ya uchaguzi, hadi mwaka 1982. Cha tatu, PST, kilikulia kivulini mwa serikali ya miaka ya 1970, na tuhuma za kulelewa na serikali hazikukiacha hata siku moja. Wameksiko walivipa vyote jina la vyama satelaiti.

Malipo yalikuwepo. Mageuzi ya mwaka 1963 yalitoa viti vya bunge kwa chama chochote kitakachofikisha asilimia 2.5 ya kura. Mwaka 1964 PPS na PARM hazikufika, na viti zikapewa. Mwaka 1975 wafuasi wa PPS katika jimbo la Nayarit waliamini wameshinda ugavana. Uongozi wao wa taifa ukakubali kushindwa, na mwaka uliofuata kiongozi mkuu wa chama akaingia Seneti kwa msaada wa PRI. Mgombea aliyeachwa kwenye mataa alijitoa na kuunda chama kingine. Mwaka 1982 PARM ilianguka chini ya asilimia 1.5 na kupoteza usajili. Mwaka 1984 ikarudishiwa. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa PRI haukuwa mtupu.

Mambo yalivyokwenda

Miaka ya 1980 ilikuwa michungu. Mwaka 1982 nchi ilishindwa kulipa madeni yake. Tetemeko la Septemba 1985 lilibomoa sehemu za mji mkuu, na wananchi wakafukua ndugu zao kwenye kifusi wakati serikali inajivuta. Mwaka 1987 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 100. Ndani ya PRI likaibuka kundi lililojiita Mkondo wa Kidemokrasia. Liliongozwa na Cuauhtémoc Cárdenas, aliyetoka kuwa gavana wa Michoacán, na Porfirio Muñoz Ledo, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama hicho hicho. Walidai jambo moja: mgombea urais achaguliwe na wanachama kwa uwazi, kidole cha rais kikae mfukoni.

Mkutano mkuu wa Machi 1987 uliwapa jibu. Anayetaka kubaki atii, asiyetaka mlango uko wazi. Tarehe 4 Oktoba 1987 kidole kikamwangukia Carlos Salinas de Gortari.

Siku kumi baadaye, tarehe 14 Oktoba, Cárdenas akakubali kuwa mgombea urais wa PARM.

Hebu tulipime tukio hilo. Cárdenas hakuwa jina la kawaida. Baba yake, Lázaro Cárdenas, ndiye rais aliyewagawia wakulima ardhi na kutaifisha mafuta mwaka 1938. Mtoto wa mtu huyo sasa anasimama dhidi ya PRI, na anasimama juu ya jukwaa ambalo rais wa PRI alisaidia kulijenga. PPS ikafuata. PST nayo ikaja, ikiwa imebadili jina kabisa na kuwa PFCRN, jina jipya likiwa na neno la kuwaita wafuasi wa Cárdenas ndani yake. Kufikia mwanzoni mwa 1988 vilikuwa ndani ya muungano mmoja, Frente Democrático Nacional, yaani Umoja wa Kitaifa wa Kidemokrasia. Mwezi Juni Heberto Castillo, mgombea wa chama cha kushoto cha PMS, akajiondoa na kumwachia Cárdenas.

Februari 1988 Salinas alizomewa huko La Laguna, eneo la pamba ambako mzee Cárdenas aligawa mashamba mwaka 1936. Mwanawe alipofika, umati ulimiminika. Siku nne kabla ya uchaguzi, wasaidizi wake wawili waliuawa kwa risasi katika mji mkuu. Mmoja wao alikuwa na kazi ya kuandaa ulinzi wa kura.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 6 Julai. Jioni, matokeo ya mwanzo yalipoanza kuonyesha hali mbaya kwa PRI mjini na jirani zake, mtambo wa kujumlisha kura katika wizara ya mambo ya ndani ukanyamaza. Ikasemwa kuwa mfumo umeanguka. Waziri aliyesimamia, Manuel Bartlett, ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Wagombea watatu wa upinzani, Cárdenas, Manuel Clouthier wa PAN na Rosario Ibarra, walikwenda kwa pamoja usiku ule kudai sheria ifuatwe. Matokeo rasmi yalipotoka yalimpa Salinas zaidi kidogo ya asilimia 50, Cárdenas kama 31 na Clouthier kama 17. Wameksiko wengi hawakuyaamini, na karatasi za kura ziliteketezwa baadaye kwa idhini ya bunge, kabla hazijahesabiwa upya.

Maamuzi, na sababu zake

PRI iliamua kuwasukuma nje wakosoaji badala ya kuwapa mchakato wa uteuzi. Kwa hesabu ya wakati ule ilionekana salama. Waende wapi? Chama kipya hakisajiliwi kwa miezi michache, mgombea binafsi haruhusiwi, PAN hawaivi nayo, na vyama vingine ni vyetu. Kwenye uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1985 hakuna hata kimoja kati ya vyama satelaiti kilichofika asilimia 3.

Uamuzi wa pili hauzungumzwi sana, nami nauona ndio uliofungua ufa. Sheria mpya ya uchaguzi iliyopitishwa kabla ya kinyang'anyiro cha 1988 ilibadili tume ya uchaguzi. Zamani kila chama kilikuwa na kura moja ndani yake, kwa hiyo PRI ilihitaji mikono ya satelaiti ili ishinde hoja. Sasa uwakilishi ukafuata wingi wa kura, na PRI ikapata wingi peke yake. Ikawa haiwahitaji tena wale wadogo. Bwana akapunguza utegemezi wake kwa mtumishi, huku akitarajia mtumishi aendelee kumtegemea kama zamani.

Mwenyekiti wa PARM aliliona badiliko hilo. Chama chake kilishafutwa mara moja mwaka 1982 kwa kukosa kura. Kumteua tena mgombea wa PRI kulimaanisha kupigia debe mtu mwingine na kubahatisha ile asilimia 1.5. Jina la Cárdenas lingeleta kura nyumbani. Sioni sababu ya kumpamba kwa ushujaa. Alikuwa analinda usajili wake, na mara hii ulinzi wa usajili ulikwenda sambamba na hamu ya mamilioni ya watu.

Cárdenas naye alijua anaingia nyumba ya nani. Njia mbadala ilikuwa kukaa nje ya karatasi ya kura na kujenga chama hadi uchaguzi wa mbele. Wenye njaa hawangojei miaka sita. Nikiwa mahali pake, kwa muda ule na sheria ile, nadhani ningekubali pia.

Kosa liko kwenye uamuzi uliofuata, ule wa kukubali mgombea mmoja wa urais huku kila chama kikisimamisha wagombea wake wa ubunge katika majimbo mengi. Kila mwenyekiti alikuwa na watu wake wa kuwalipa fadhila. Mpiga kura wa Cárdenas alikuta nembo kadhaa za upande wake zikigombana, na PRI ikapita katikati. Pale waliposimamisha watu kwa pamoja, mambo yalikuwa mengine. Viti vinne vya Seneti, vya mji mkuu na vya Michoacán, viliwaendea, kimojawapo kikichukuliwa na Muñoz Ledo. Vingine 60 kati ya 64 vilibaki kwa PRI.

Matokeo

Bungeni PRI ilipata viti 260 kati ya 500. Ilikuwa na wingi wa kawaida, lakini ilikosa viti 74 kufikia theluthi mbili za kubadili katiba, jambo ambalo halikuwahi kuitokea. PAN ilipata 101. Vyama vya muungano vilipata 139 kwa jumla, na PARM, iliyokuwa ikiishi kwa makombo, ikajikuta na kundi la wabunge ambalo haikuwahi kuliota.

Kisha muungano ukayeyuka. Cárdenas alipendekeza wote waunde chama kimoja. Kwa wenyeviti wa satelaiti hilo lilikuwa sawa na kuombwa wavunje duka siku ambayo limejaa bidhaa. Walikataa, na taratibu PARM na PFCRN zikarudi kupiga kura pamoja na serikali katika mambo mengi. PRD, chama kipya cha Cárdenas, kilipozinduliwa Mei 1989, kilisajiliwa kwa kurithi usajili wa PMS, ambao asili yake ni usajili ambao Wakomunisti waliupata mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya miongo ya kupigwa marufuku na kusukumwa pembeni. Katika vyama vyote vilivyomuunga mkono Cárdenas, ni kile ambacho hakikuwahi kuwa cha PRI ndicho kilichotoa usajili wake kwa ajili ya kazi iliyokuwa mbele.

Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1990 ikaondoa utaratibu wa vyama kadhaa kumteua mgombea mmoja bila kuwa na muungano rasmi. Njia ya 1988 ikafukiwa. Mwaka 1991 PRI ilirudi na viti 320, na PRD ikapata kama asilimia 8 ya kura.

Uchambuzi

Kwa miaka thelathini mpango wa PRI ulifanya kazi, na ni vizuri tukiri. Ulizuia uasi wa majenerali, ulipamba bunge, na ulitoa kura za ziada kwenye tume. Mtu anayesema vyama pandikizi ni upuuzi usio na faida hajawaelewa wanaoviunda. Wana sababu.

Ila mpango huo ulikuwa na gharama iliyojificha ndani ya mafanikio yake. Kadiri sheria ilivyobana usajili ili wapinzani wa kweli wasiingie, ndivyo usajili wa vibaraka ulivyopanda thamani. Ukifunga milango yote ya nyumba ukaacha mmoja, huo mmoja ndio watakaoupigania wote, wakiwemo watoto wako mwenyewe. PARM haikuwa na wanachama, sera wala wasemaji. Ilikuwa na karatasi ya serikali inayosema chama hiki kinaweza kumsimamisha mgombea urais, na Oktoba 1987 karatasi hiyo ilikuwa na uzito kuliko maelfu ya makada. PRI ndiyo iliyoipa uzito huo, kwa kuifanya iwe adimu.

Hatari ya pili inahusu habari. Chama tawala kilichojizungushia wapinzani wa bandia hakisikii tena. Mwaka 1976 jina lililochapwa kwenye karatasi ya urais lilikuwa moja tu, kwa sababu PAN ilishindwa kumteua mtu na satelaiti wote walimteua yule yule wa PRI. José López Portillo alishinda dhidi ya hewa. Wenye akili ndani ya chama walishtuka, na mageuzi ya mwaka 1977 yakafungua njia kidogo kwa vyama halisi. Huo ulikuwa uamuzi mzuri katika kisa hiki, ulitoka ndani ya PRI yenyewe, na bila huo PRD ya mwaka 1989 isingepata pa kuanzia. Lakini somo lilisahauliwa haraka. Mwaka 1987 viongozi walitazama asilimia za 1985 za vyama vidogo wakadhani wanaona kiwango cha hasira ya nchi. Walikuwa wanaona kiwango cha imani ya nchi kwa vibaraka, na hicho ni kitu kingine.

Aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, si PRI. PRI iliteleza, ikainuka, ikatawala miaka kumi na miwili zaidi. Aliyeumia ni mkulima wa La Laguna aliyetia alama kwenye nembo ya PARM au PFCRN kwa sababu jina la Cárdenas lilikuwa chini yake. Alidhani anapeleka mtu bungeni akaisimamie kura yake. Aliyempeleka alikuwa mtumishi wa wenyeviti waliokuwa njiani kurudi nyumbani. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa aliyeachwa uchi hakuwa hata yeye aliyeazima. Kura hiyo haikuibwa kwenye kompyuta peke yake. Nyingine ilihesabiwa sawasawa, ikatoa mbunge halali, na mbunge huyo akaipeleka kwingine mchana kweupe.

Je, Cárdenas angeweza kujikinga? Kwa sehemu, ndiyo. Kipindi kati ya Oktoba 1987 na uteuzi wa wabunge ndicho alichokuwa na nguvu kuliko wenyeviti wote, kwa sababu wao walimhitaji kuliko alivyowahitaji. Hapo ndipo pa kudai orodha moja ya wagombea, majimbo yagawanywe, na watu wa Mkondo wa Kidemokrasia wawekwe mbele kwenye viti vya uwiano. Baada ya tarehe 6 Julai nguvu zilihama. Wenyeviti walikuwa wameshapata wabunge, ruzuku na uhakika wa usajili, na yeye alibaki na madai ya ushindi mikononi. Mpangaji anayetaka mkataba huuomba kabla ya kuhamisha vyombo.

Kuhusu vyama vyenyewe, kurudi kwa PRI hakukuviokoa. Vilivyokuwa na thamani kwa sababu vinaweza kuondoka havikuwa na thamani tena vilipoonyesha kuwa vimerudi. Wapiga kura waliovipa mamilioni ya kura mwaka 1988 walivitupa. PARM ilipoteza usajili baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, na wenzake wawili hawakufika mwaka 2000 wakiwa vyama vya kitaifa.

PARM ilirejeshewa usajili mara moja zaidi, mwaka 1999, na mgombea urais iliyempata alikuwa Porfirio Muñoz Ledo, sasa akiwa amegombana na PRD. Kabla ya siku ya kura akaacha kujipigia kampeni, akamuunga mkono Vicente Fox wa PAN. Tarehe 2 Julai 2000 PRI ilishindwa urais kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1929. PARM haikufikisha hata asilimia 1, na usajili wake ukafutwa.